Maji ya Embe na Maji ya Kisima

Kila mwaka, baina ya miezi ya Novemba na Februari, maembe huingia Dar es Salaam kwa wingi. Yatokayo Mkuranga na Rufiji hufuata barabara ya Kilwa hadi Mbagala na Temeke; yatokayo Bagamoyo huteremka kupitia Bunju na Tegeta kuelekea masoko ya Kinondoni. Katika majuma hayo bei hushuka, na hata nyumba yenye kipato kidogo huweza kununua dodo, bolibo, viringe au sindano za kutosha kula na kusaza. Ndipo sehemu ya maembe hayo husagwa au kupondwa yakawa kinywaji. Wazee wa pwani hukiita kinywaji hicho maji ya embe, kama wasemavyo maji ya ndimu na maji ya machungwa. Vijana wa leo husema juisi.

Jina hilo la zamani lastahili kuangaliwa, maana linataja vitu viwili. Katika mazungumzo ya jikoni, embe ndilo lizungumzwalo sana: kama ni tamu au chachu, kama lina nyuzi nyingi, kama limeiva mtini au limevundikwa. Maji huingia kimya kimya, na ni nadra mtu kuuliza yametoka wapi. Hoja ya makala haya ni kwamba tumeugeuza utaratibu unaofaa. Usalama wa bilauri ya maji ya embe hutegemea maji zaidi ya embe, na maarifa ya kulitambua jambo hilo yamo tayari katika madaftari ya wanafunzi wetu wa sekondari. Lililobaki ni kuyatoa madaftarini na kuyapeleka jikoni.

Tunda na kuiva kwake

Asili ya mwembe ni Bara Hindi na nchi zinazopakana nalo upande wa mashariki. Katika mwambao wetu tunda lake lajulikana tangu zamani. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba alikaribishwa wali pamoja na achari, na miongoni mwa achari hizo ilikuwamo ya maembe mabichi. Neno alilolitumia, anba, halitofautiani sana na embe letu.

Wataalamu wa mimea huuita mti huu Mangifera indica na kuuweka katika ukoo mmoja na mkorosho. Undugu huo waonekana katika utomvu. Utomvu utokao kwenye kikonyo cha embe huwasha midomo na ngozi, kama vile mafuta ya ganda la korosho yanavyounguza mikono ya wabanguaji. Kwa hiyo yafaa kikonyo kikatwe kwanza na utomvu uachwe utiririke, ndipo embe lioshwe na kumenywa.

Embe bichi lina wanga na asidi kwa wingi. Likikomaa hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo huamsha mabadiliko ya kuiva. Mama wa pwani avundikapo maembe, yaani ayafunikapo ndani ya kikapu au pipa lililotandikwa majani, huizuia gesi hiyo isitawanyike, na joto la ndani huharakisha kazi. Vimeng'enya hugeuza wanga kuwa sukari, asidi hupungua, rangi ya kijani hutoweka na rangi ya manjano ya karotini hudhihirika. Kuvundika ni kemia iliyotendwa katika nyumba zetu kabla ya neno ethilini kuandikwa katika kitabu chochote.

Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuyathibitisha hayo kwa vifaa vichache. Tone la iodini juu ya kipande cha embe bichi lililokomaa hugeuka kuwa buluu iliyokoza. Juu ya kipande cha embe bivu rangi hiyo huwa hafifu au haionekani kabisa. Kipimo cha Benedict chahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya sukari ya embe bivu ni sukrosi, ambayo haiitikii kipimo hicho mpaka kwanza ichemshwe na asidi na kisha asidi hiyo ipoozwe kwa alkali. Mwalimu anayetafuta mfano wa sukari hiyo hana haja ya kungoja kemikali kutoka ng'ambo. Mfano wauzwa nje ya lango la shule.

Gramu 100 za nyama ya embe bivu zina maji gramu 83 hivi, sukari gramu 14 hivi, nyuzinyuzi karibu gramu 1.6, na vitamini C kiasi cha miligramu 36. Vipimo hivi hubadilika kwa aina ya embe na kadiri lilivyoiva, lakini vyatosha kwa hesabu tutakazofanya. Kadhalika embe lina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, iliyo muhimu kwa macho na kwa kinga ya watoto dhidi ya magonjwa.

Tuitazame tena tarakimu ya kwanza. Katika gramu 600 za nyama ya embe, mna karibu nusu lita ya maji. Maji hayo yamepita katika mizizi na shina la mwembe, kisha yamehifadhiwa ndani ya ganda. Ndani ya embe zima lisilopasuka wala kutobolewa, mara nyingi hamna vijidudu vya maradhi. Embe, basi, limekuja na maji yake. Hatari huanza pale sisi tunapoliongezea maji mengine.

Maji yaingiayo

Hata embe zima laweza kuharibiwa na maji. Mwishoni mwa mwaka 1999 watu 78 katika majimbo 13 ya Marekani waliugua kwa bakteria wa jamii ya Salmonela, na wawili wakafa. Uchunguzi uliongoza kwenye maembe ya shamba moja la Brazili. Maembe hayo yalikuwa yametumbukizwa katika maji ya moto ili kuua funza wa nzi wa matunda, kisha yakapoozwa katika maji baridi yasiyo safi. Embe lenye joto likiingizwa katika maji baridi, hewa iliyomo ndani yake husinyaa, na maji hufyonzwa kupitia tundu la kikonyo. Bakteria huingia pamoja nayo. Mwanafunzi aliyesoma kanuni za gesi katika fizikia hataona ajabu. Lakini ni wangapi kati yetu hununua maembe yaliyokaa juani sokoni, na tufikapo nyumbani tukayatia mara moja katika ndoo ya maji ya kisima ili yapoe? Embe lililo na joto liachwe kwanza lipoe kivulini, kisha lioshwe kwa maji safi yanayomiminwa.

Ugonjwa unaotukabili zaidi ni kipindupindu. Robert Koch alimtambua na kumtenga bakteria wake katika utafiti alioufanya Misri na India katika miaka ya 1883 na 1884; baadaye, katika miaka ya 1897 na 1898, mtaalamu huyo alifanya kazi hapa hapa Dar es Salaam akichunguza malaria. Tanzania iliripoti kipindupindu mwaka 1974, na mlipuko mkubwa ukafuata katika miaka ya 1977 na 1978. Mwezi Agosti 2015 ugonjwa ulizuka tena, na wagonjwa wa kwanza kuripotiwa walitoka Kinondoni. Kutoka hapo ulienea katika mikoa mingi ya Bara na kufika Zanzibar. Hadi mwezi Aprili 2016 wagonjwa walikuwa wamezidi 20,000, na zaidi ya 300 kati yao walikuwa wamefariki dunia.

Sehemu kubwa ya maji ya mabomba ya Dar es Salaam hutoka mto Ruvu, nayo husafishwa na kutiwa klorini katika mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Maji hayo yatokapo mtamboni ni salama. Lakini baina ya mtambo na bilauri pana safari ndefu. Bomba lililopasuka, wakati maji yanapokatika na msukumo kushuka, huweza kufyonza maji machafu yaliyolizunguka. Yakishafika, maji hukaa katika simtanki, pipa au ndoo, huchukuliwa kwa mkokoteni, huchotwa kwa kata iliyoshikwa na mikono mingi. Kila hatua ni mlango.

Pembezoni mwa jiji, kutoka Mbagala na Chamazi hadi Bunju, nyumba nyingi hutumia maji ya visima. Kisima kirefu kilichochimbwa vizuri na kufunikwa chaweza kutoa maji mazuri. Kisima kifupi kilicho karibu na choo cha shimo ni jambo jingine, hasa katika udongo wa kichanga upitishao maji kwa wepesi. Mvua za vuli zinyeshapo, maji ya chini ya ardhi hupanda, mashimo ya vyoo hujaa, na mafuriko hubeba uchafu wa juu na kuuingiza visimani. Wakazi wa jiji hawajasahau mafuriko ya Desemba 2011. Na vuli ni majira yale yale ya maembe. Kalenda yenyewe imekutanisha tunda letu bora na maji yetu yaliyo hatari zaidi.

Zipo nyumba ambazo huchemsha maji ya kunywa kwa uaminifu, lakini hutia maji mabichi katika juisi kana kwamba yakichanganyika na tunda yamekwisha kuwa chakula. Kuchanganya hakuui bakteria. Tena bakteria wa kipindupindu habadilishi ladha, harufu wala rangi ya kinywaji. Mtu awezaye kuitambua juisi iliyochacha kwa pua yake hawezi kwa pua hiyo hiyo kuitambua juisi yenye kipindupindu.

Barafu na ndimu

Imani mbili zahitaji kusahihishwa. Ya kwanza ni kwamba baridi huua vijidudu. Baridi ya barafu hupunguza kasi ya kuzaana kwa bakteria, na baadhi yao hufa, lakini wengi hubaki hai wakingoja joto lirudi. Barafu ni maji, na haiwezi kuwa safi kuliko maji iliyogandishwa kwayo. Pande la barafu lililotengenezwa kwa ajili ya kuhifadhi samaki, likaburutwa sakafuni na kupondwa kwa nyundo, halifai kuingia katika jagi hata kama laonekana kama kioo. Atakaye baridi agandishe maji aliyoyachemsha, au agandishe vipande vya embe lenyewe.

Imani ya pili ni kwamba ndimu huua kila kitu. Hii ina chembe ya ukweli. Bakteria wa kipindupindu hapendi asidi, na utafiti uliofanywa Guinea-Bissau katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba watu waliokula wali kwa mchuzi uliotiwa maji ya ndimu waliupata ugonjwa kwa nadra kuliko wengine. Lakini kiasi cha ndimu kinachopendeza ulimini hakitoshi kutegemewa kuwa dawa ya maji machafu, na vijidudu vingine vya tumbo huvumilia asidi zaidi. Ndimu ina kazi nyingine katika maji ya embe, tena inaifanya vizuri. Embe likikatwa, kimeng'enya kilichomo hukutana na oksijeni na kuigeuza nyama kuwa ya kahawia. Asidi ya ndimu hukidhoofisha kimeng'enya hicho, na vitamini C yake huizuia rangi hiyo isitokee. Tuitumie ndimu kwa kazi hiyo, na kazi ya kuua vijidudu tuuachie moto.

Namna ya kutengeneza

Kwa watu wanne, chukua maembe mawili makubwa yaliyoiva, yenye uzito wa gramu 500 kila moja. Baada ya kuondoa maganda na kokwa, mara nyingi hubaki nyama ya gramu 600 hivi. Andaa pia robo lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, ndimu moja, na nusu kikombe cha tui zito la nazi.

Nawa mikono kwa sabuni. Osha maembe yakiwa mazima, kwa maana kisu hubeba uchafu wa ganda na kuuingiza ndani. Osha pia kisu, ubao, kinu au blenda, na usuuze kwa maji yaliyochemshwa. Menya, kata vipande, saga pamoja na maji na ndimu. Pasipo umeme, ponda kwa mchi katika kinu kisafi, kisha pekecha. Usichuje ila embe liwe na nyuzi nyingi, kama sindano, maana pamoja na nyuzi huondoka sehemu ya manufaa.

Tui lina sababu yake. Karotini huyeyuka katika mafuta, na mwili huifyonza vizuri zaidi chakula kikiwa na mafuta kidogo. Katika nchi nyingine hutiwa maziwa au mtindi. Sisi wa pwani tuna nazi, na ladha yake yapatana na embe. Lakini tui halina asidi ya kujilinda. Mwaka 1991 watu kadhaa katika jimbo la Maryland, Marekani, waliugua kipindupindu kwa sababu ya tui lililogandishwa kutoka Thailand. Kwa hiyo tui likamuliwe kwa maji safi, kisha lichemshwe huku likikorogwa lisikatike, na liachwe lipoe kabla ya kutiwa.

Sukari haihitajiki. Gramu 600 za embe zina sukari karibu gramu 82, yaani gramu 20 hivi kwa kila mnywaji, sawa na vijiko vinne au vitano vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilipendekeza kwamba sukari itiwayo katika vyakula, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ni bora ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Anayeongeza vijiko viwili vya sukari katika bilauri ya embe hujaza mgao wake wa siku nzima na kuuzidisha kwa mara moja. Kwa upande wa pili, bilauri hiyo pasipo sukari huleta vitamini C ya miligramu 54 hivi, kiasi kinachotosheleza mahitaji ya mtu mzima kwa siku, ingawa sehemu yake hupotea kinywaji kinapokaa.

Kinywaji kinywewe mara moja. Katika joto la nyuzi 30 za Desemba, bakteria aweza kugawanyika kila dakika 20. Mmoja huwa 8 kwa saa moja, na kwa saa nne huwa 4,096. Mwalimu wa hisabati anayefundisha vipeo na apige hesabu hiyo ubaoni. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 asipewe kinywaji hiki. Maziwa ya mama yamtosha.

Gharama ya usalama

Najua jibu litakalotolewa: kuchemsha maji ni gharama. Tuipime basi. Kupandisha joto la lita moja ya maji kutoka nyuzi 27 hadi 100 kwahitaji kilojuli 307 hivi. Kilo moja ya mkaa ina megajuli 30 hivi, na jiko la kawaida la mkaa hufikisha sufuriani takriban sehemu moja tu katika tano. Kwa hiyo lita moja hugharimu mkaa wa gramu 50 hivi. Robo lita inayohitajiwa na watu wetu wanne hugharimu gramu 13, yaani kipande kimoja kidogo. Blenda ya wati 350 ikisaga kwa dakika mbili hutumia kilojuli 42, karibu nusu ya nishati iliyoingia katika maji hayo. Watu hawalalamiki juu ya umeme wa blenda, lakini mkaa wa kuchemshia huonekana mzigo.

Hapa ndipo wingi wa maji ya embe lenyewe unapotusaidia. Anayetengeneza juisi nyepesi kwa lita mbili za maji ana lita mbili za kuchemsha, na bado ataongeza sukari ili arudishe ladha aliyoizimua. Anayetengeneza juisi nzito ana robo lita tu. Juisi nzito ni salama kwa urahisi zaidi na ina lishe zaidi. Na kwa asiyeweza kuchemsha kabisa, embe lililooshwa vizuri na kuliwa kwa kisu ni bora kuliko embe lililotiwa maji asiyoyaamini.

Mkaa pia si njia pekee. Dawa ya klorini ya maji ya kunywa huuzwa madukani kwa vidonge au kwa chupa, na hutumiwa kwa kipimo kilichoandikwa. Jua nalo hufanya kazi. Maji meupe yasiyo na tope, yakitiwa katika chupa angavu ya plastiki isiyozidi lita 2 na kulazwa juani kwa saa 6, au siku mbili mfululizo mawingu yakiwa mengi, huuawa vijidudu vyake kwa mionzi na joto. Njia hii ilichunguzwa Beirut na Aftim Acra na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo imetumiwa katika nchi nyingi zenye jua kama letu. Baada ya kusafishwa, maji yawekwe katika chombo chenye kifuniko na bomba, au chenye mdomo mwembamba, ili mikono isiingie.

Wengine husema ni heri kununua juisi ya boksi. Kweli, juisi hiyo imepashwa moto kiwandani, na kwa upande wa vijidudu ni salama. Lakini kinachouzwa mara nyingi ni nekta, na kwa kanuni za kimataifa za chakula nekta ya embe yaruhusiwa kuwa na tunda asilimia 25 tu. Iliyobaki huwa zaidi ni maji na sukari. Katika msimu ambao maembe huoza sokoni kwa kukosa wanunuzi, ni hasara kununua maji yenye robo ya embe.

Na wapo wasemao kwamba wameyanywa maji ya embe tangu utotoni bila kuchemsha chochote, nao wako hai. Hoja hiyo husemwa na waliobaki. Waliokufa mwaka 2015 hawakuachwa nafasi ya kuijibu.

Wajibu wa shule

Ugonjwa uzukapo, mamlaka huweza kupiga marufuku juisi za barabarani, na bwana afya huweza kukagua genge na mgahawa. Hakuna bwana afya wa kuingia katika kila jiko la Tandika na Tandale. Anayeingia humo kila jioni, akiwa na sare na mkoba, ni mwanafunzi.

Nchi hii imekwisha kuonyesha kwamba elimu ya afya huweza kuwafikia watu wengi kwa lugha yao. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya karibu watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadiliana. Na kutoka katika majadiliano hayo watu walikwenda kuchimba vyoo. Somo lilimalizikia kwenye jembe. Leo sekondari zetu zina maabara na walimu wa bayolojia, kemia na fizikia, lakini mwanafunzi aweza kupata alama nzuri katika swali la vimeng'enya, kisha akarudi nyumbani akanywa juisi iliyotiwa maji ya kisima asichokijua. Masomo huyapata kwa Kiingereza, nalo jiko huendeshwa kwa Kiswahili, na baina ya hayo mawili hatujajenga daraja la kutosha.

Napendekeza mambo matatu yasiyohitaji fedha za wizara. Kwanza, katika msimu wa maembe mwalimu wa bayolojia atumie embe kwa vipimo vya wanga na sukari na kwa kuonyesha kimeng'enya: kipande kimoja kiachwe wazi, cha pili kipakwe ndimu, cha tatu kichovywe katika maji yanayochemka, na wanafunzi waandike rangi waionayo baada ya nusu saa. Pili, kila mwanafunzi achore ramani ya safari ya maji ya nyumbani kwao, kutoka chanzo hadi bilauri, akitia alama mahali uchafu uwezapo kuingia. Na kama kuna kisima, apime kwa hatua umbali wake na choo kilicho karibu. Tatu, ramani hiyo irudishwe nyumbani na kuelezwa kwa Kiswahili kwa mama, baba, bibi au yeyote atengenezaye chakula. Kuielezea kuwe sehemu ya zoezi na kupewe alama.

Katika mazungumzo hayo mwanafunzi asijifanye mwalimu wa wakubwa wake. Bibi aliyevundika maembe kwa miaka hamsini ana maarifa ambayo kijana anayahitaji, na kijana ana maarifa kuhusu visivyoonekana kwa macho ambayo bibi hakupata nafasi ya kufundishwa. Wakikaa pamoja jikoni, mmoja akichagua embe na mwingine akiuliza habari za maji, bilauri itakayotoka hapo yaweza kumpa mtoto mdogo wa nyumba hiyo afya badala ya ugonjwa.